Jaketi la mvua nalisoma kwa ndani

Mtu akija dukani kwetu hapa Moshi kukodi jaketi la kupandia mlima, macho yake huenda kwanza kifuani, kwenye nembo. Anauliza ni la kampuni gani, anauliza bei, halafu analivaa juujuu mbele ya kioo. Mimi, kabla hajafika kwenye kioo, huwa nimeshaligeuza ndani nje. Nje ya jaketi imetengenezwa imvutie mnunuzi. Ndani, kwenye bitana na mishono, ndiko unakojua lilifuliwaje, lilitunzwa wapi, na kama bado lina miaka mbele yake au limebakiza mvua mbili tatu.

Nilianza mlimani nikiwa mpagazi, mmoja wa hao wanaoitwa wagumu. Nikapanda hadi msaidizi wa kiongozi, na siku ambazo sina safari nakaa kwenye duka la shemeji yangu la kukodisha vifaa: mifuko ya kulalia, fimbo, buti, makoti. Jaketi nimelivaa likiwa chini ya mzigo, na nimelipokea kaunta likirudi kwa mgeni aliyeshuka jana, likinuka jasho na mafuta ya jua. Ushauri mwingi niliosoma kuhusu kuchagua jaketi umeandikwa na watu wanaotembea na kibegi cha maji, wenye mashine ya kukaushia nguo nyumbani. Si ushauri mbaya. Ila haujawahi kubeba kitu kichwani.

Tuanze na mvua yenyewe, kwa sababu wengi wanaisubiri mahali ambapo haipo. Mgeni akiwaza Kilimanjaro anawaza theluji na kilele cha Uhuru, mita 5,895, na jaketi analinunua kwa ajili ya usiku ule mmoja wa kileleni. Kumbe maji yako chini. Mvua ya mlima huu inamwagika kwenye msitu, hasa upande wa kusini, njia za Machame, Umbwe, Mweka na Marangu. Kwenye ukanda wa mita kama elfu mbili hivi hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukivuka msitu na vichaka inapungua, na juu kabisa ni jangwa la mawe na vumbi. Kinachoanguka huko ni kidogo na mara nyingi ni theluji, unaikung'uta tu begani. Kwa hiyo jaketi linapata mtihani wake siku ya kwanza, msituni, kwenye joto, wakati unapanda zaidi ya mita elfu moja kutoka lango la Machame hadi kambi ya kwanza. Kule juu linakuwa kinga ya upepo. Na usidanganywe na asubuhi yenye jua pale langoni. Mvua ya msituni inapenda kuja baada ya saa sita, na hata isipokuja, ukungu unatua kwenye miti na miti inadondosha matone mchana kutwa.

Sasa joto hilo la msituni ndilo linaloharibu hesabu za watu. Vitambaa vya kisasa vya mvua vina utando mwembamba uliofichwa ndani. Ule maarufu, Gore-Tex, ulianzia kwa Bob Gore mwaka 1969 huko Marekani, alipoivuta kwa nguvu na kwa ghafla fimbo ya plastiki ya jamii ya Teflon iliyopashwa moto. Badala ya kukatika ikanyumbuka, ikabaki na vitundu vidogo mno: tone la maji haliwezi kupenya, mvuke wa jasho unapita. Kampuni nyingine zina tando zao, nyingi za poliyurethani, plastiki ya aina nyingine. Zote zinategemea kitu kimoja ambacho muuzaji hakisemi. Mvuke hautoki wenyewe tu. Unatoka kama ndani ya jaketi kuna joto na unyevu kuliko nje. Kwenye baridi kavu ya kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, tofauti hiyo ni kubwa na utando unafanya kazi vizuri. Msituni Machame saa nane mchana, nje nako kuna joto na unyevu. Mvuke utoke uende wapi? Unabaki ndani, unageuka maji, na mtu anafika kambini akiwa chepechepe ndani ya jaketi la bei ya pikipiki.

Nimeitwa kwenye mahema mengi kuonyeshwa jaketi "linalovuja". Naweka kiganja upande wa ndani, naangalia maji yako wapi. Yakiwa yamefuata mshono, au yako kwenye mstari wa zipu, au yamekusanyika begani tu, hapo jaketi linavuja kweli. Yakiwa yametapakaa sawasawa mgongoni kote na chini ya mikono, na yana uvuguvugu, hayo hayakutoka mbinguni.

Ndiyo maana kwa mlima huu natafuta zipu za kwapani kabla sijauliza habari ya utando. Zipu inayofunguka kutoka karibu na kiwiko hadi mbavuni inatoa joto kwa dakika moja kuliko kitambaa chochote kwa saa nzima, na mvua haiingii kwa sababu mkono wenyewe unaifunika. Jaketi la kawaida lenye zipu za kwapani nalipenda kuliko jaketi la kifahari lisilo nazo. Mifuko yenye wavu kwa ndani inasaidia pia, ukiiacha wazi inapitisha hewa kifuani. Na zipu ya mbele iwe ya kufunguka kutoka chini vilevile, ili uache tumbo wazi na kifua kikiwa kimefungwa.

Mdogo wangu ni bodaboda, na mabishano yetu kuhusu makoti hayajawahi kwisha. Yeye anavaa lile koti zito la plastiki na suruali yake, linauzwa bei ya kawaida mjini, halina utando wala vitundu. Analivaa kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni, ili upepo na maji visipate mlango mbele. Anasema makoti yetu ya mlimani ni wizi. Kwake yeye ana haki: dereva amekaa, mwili hauzalishi jasho la maana, upepo unampiga, na anachohitaji ni ukuta. Koti hilohilo mvalishe mtu anayepanda Umbwe na begi mgongoni. Nusu saa haiishi atakuwa amelowa kuliko angetembea na fulana. Kwa hiyo mtu akiniuliza jaketi gani zuri namuuliza kwanza atakuwa anafanya nini akiwa amelivaa. Anayelinda geti la benki usiku, anayechunga mbuzi, anayekimbiza daladala asubuhi, hawa hawanunui kitu kimoja.

Mpagazi naye ana shida zake ambazo sijawahi kuziona kwenye maelezo ya jaketi lolote. Wengi tunabeba mzigo kichwani au shingoni. Kofia ya jaketi haikai vizuri chini ya mzigo. Inabanwa, inavutwa nyuma, na maji yanayotiririka kutoka kwenye mzigo yanaingia moja kwa moja kwenye kola. Halafu mikono. Mkono ulioinuliwa kushika mzigo unageuka bomba: mvua inapiga kiganja, inashuka kwenye kifundo, inaingia mkononi mwa jaketi, inapita kiwiko, na unaisikia kwapani ikiwa bado ya baridi. Wakati huohuo jaketi zima limepanda juu na kiuno kimebaki wazi. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na unapimwa langoni, lakini mizani haijui habari ya maji yatakayoingia kwenye hema na kwenye nguo baada ya hapo.

Kwa hiyo nimejizoesha kujaribu jaketi nikiwa nimeinua mikono. Mtu akilivaa dukani namwambia, "Shika dari." Anacheka, anainua. Hapo naangalia: pindo la chini limebaki chini ya mkanda au kitovu kinaonekana? Mikono imeishia kwenye kifundo au imerudi katikati ya kiwiko? Pale mkononi pana velkro ya kukaza, au ni lastiki iliyolegea? Velkro ndiyo, na iwe bado inashika. Ile iliyojaa nyuzi za sweta isafishwe kwa sindano, inarudi. Hata asiyebeba kichwani anatembea na fimbo mbili, mikono yake nayo iko mbele kwenye mvua.

Wanawake tuna la ziada. Makoti mengi ya mitumba ni ya wanaume, na ukitafuta la kukutosha nyonga linakuwa pana mabegani, mikono inafunika vidole. Mikono mirefu kwangu si tatizo, nikiinua inarudi mahali pake. Tatizo ni mabega mapana, kwa sababu kitambaa kinakunjamana chini ya mkanda wa begi na mikunjo hiyo ndiyo inayosagika kwanza. Heri pembeni pabane kidogo, mradi zipu inafunga juu ya sweta zito. Jaribu ukiwa na nguo zote utakazovaa chini, maana jaketi linalokaa vizuri juu ya blauzi halitafunga juu ya sweta la manyoya.

Jaketi jipya kabisa hapa kwetu wachache wanalinunua. Tunakwenda Memorial. Soko hilo lina kila kitu kilichowahi kuvaliwa na mzungu, na ukifika asubuhi belo likifunguliwa unaweza kuokota jaketi ambalo jipya lingekula mishahara. Unaweza pia kuokota maiti. Maongezi yangu na wauzaji huwa hivi:

"Dada angu, karibu. Hili ni grade one, limeingia leo. La baridi, la mvua, la kila kitu."

"Ahsante kaka. Nigeuzie."

"Uligeuze la nini tena? Kwani utalivaa ndani nje?"

"Nigeuzie tu, mangi, tusigombane asubuhi."

Akiligeuza, mkono wangu unakwenda sehemu tatu: nyuma ya shingo, juu ya mabega, na ndani ya pindo la chini. Hapo ndipo jasho, mikanda ya begi na unyevu vinakofanyia kazi, na ndipo jaketi linapoanza kufa. Kama ni la kupakwa poliyurethani, lile lenye upande wa ndani mweupe au wa kijivu unaong'aa, nalisugua kwa kidole gumba. Zuri ni laini na kavu. Likianza kunata kama peremende iliyolambwa, basi unyevu umeshauvunjavunja ule mpako wa ndani na hakuna dawa. Likibambuka vipande vyeupe vinavyobaki kwenye vidole, ndiyo hivyo tena. Na nalinusa. Tando hizi zikioza zinatoa harufu kali ya uchachu, karibu na ya matapishi, na harufu hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa jua. Muuzaji atakuambia ni dawa ya kontena. Mrudishie.

Kisha utepe. Kila mshono ni safu ya matundu ya sindano, na jaketi la mvua la kweli lina utepe mwembamba uliogandishwa juu ya kila mshono kwa ndani. Kama hakuna utepe popote, hilo ni jaketi la upepo, hata kama lebo ina picha ya wingu na matone. Kama upo mabegani na kwenye kofia tu, litafaa manyunyu. Ukiwepo kote, nauvuta kwa ukucha kwenye makutano: kwapani panapokutana mishono minne, na pale kofia inaposhonwa kwenye kola. Utepe uliobanduka kidogo sehemu moja unaweza kugandishwa upya, na hapo ndipo bei inaposhuka kutoka elfu arobaini hadi ishirini. Uliobanduka kila mahali unaonyesha gundi imekufa, ukirekebisha huku unaachia kule.

Lenye bitana ya wavu linakuficha mambo, kwa sababu huoni mgongo wa kitambaa. Ingiza mkono kupitia mfukoni, au lielekeze kwenye jua utazame kwa ndani. Jua linasema ukweli: mahali ambapo utando umesagika panapitisha mwanga tofauti na pengine. Majaketi ya tabaka tatu, yale ambayo utando umebanwa katikati ya vitambaa viwili na ndani unaona wavu mwembamba ulioshikana na kitambaa chenyewe, ndiyo yanayodumu chini ya mzigo. Yale mepesi sana yanayokunjwa yakaingia mfukoni ni ya mtu wa kutembea na kibegi kidogo. Mikanda ya begi la kilo kumi na tano inayala mabegani ndani ya msimu mmoja.

Muuzaji akiwa mtu wa kuelewana, naomba kikombe cha maji. Nakikunja kitambaa kikawa kibakuli, namimina kidogo, nasubiri huku tunapiga stori, halafu nakandamiza kwa kidole kutoka juu. Chini pakibaki pakavu nalipa. Wengine wanakataa kata kata, na siwalaumu, jaketi lenye doa la maji halipendezi kwa mteja anayefuata.

Jambo linalochanganya watu kuliko yote ni yale matone yanayojiviringa juu ya kitambaa. Jaketi jipya ukilimwagia maji yanakimbia kwa shanga. Hiyo ni dawa iliyopakwa juu, haihusiani na utando, na inaisha kwa kusuguliwa, kwa mafuta ya ngozi na kwa uchafu. Ikiisha, kitambaa cha juu kinakunywa maji, kinakuwa kizito na cheusi, kinagusa mwili kikiwa cha baridi. Utando chini yake bado unazuia maji, ila mvuke hauna tena njia ya kutoka kwa sababu nje kumezibwa na maji. Mtu anahisi amelowa, anasema jaketi limekwisha, analitupa. Mgeni mmoja kutoka Uingereza alifika kambi ya Barranco akiwa na hasira na jaketi lake la tabaka tatu, mabega na mikono ikiwa imegeuka rangi, akitaka kuliacha kambini. Nilimwomba alilete Moshi. Tulilifua vizuri, tukalipiga pasi, na tulipolimwagia maji uani yalikimbia tena karibu mwili mzima isipokuwa pale mikanda ya begi ilipokaa. Aliondoka nalo. Kusema kweli nilikuwa nimeanza kulitamani.

Kufua ndiko kunakoua majaketi mengi hapa kwetu, kwa nia njema kabisa. Dada wa kazi analiloweka na unga wa kufulia usiku mzima, anatia na ile dawa ya kulainisha nguo inukie, kola ikiwa chafu anaongeza Jik. Unga wa kufulia unaacha mabaki kwenye kitambaa, na mabaki hayo yanavuta maji. Dawa ya kulainisha ni mbaya zaidi, inapaka kitambaa kizima kitu kinachokaribisha maji. Jik inakula utepe. Zipo sabuni maalumu za kazi hii, Nikwax na nyinginezo, na mgeni akituachia chupa tunaitunza vizuri. Isipokuwepo, natumia sabuni ya maji kidogo sana isiyo na manukato mengi, maji ya uvuguvugu, zipu na velkro zote zikiwa zimefungwa, nasugua kola na mikono kwa kitambaa laini, halafu nasuuza mpaka maji yatoke bila povu hata moja. Kusuuza ndiko kazi. Silikamui kwa kulisokota, nalitundika kivulini.

Likikauka, joto linaifufua ile dawa ya juu. Wenye mashine ya kukaushia wanaitumia kwa moto mdogo. Sisi tunatumia pasi ya umeme kwenye alama ya chini kabisa, bila mvuke, na khanga ikiwa katikati ya pasi na jaketi, baada ya kusoma lebo kama inaruhusu pasi. Ya mkaa usiijaribu. Huwezi kuipangia joto, na nailoni haisamehe. Kwa hilohilo, kambini usilikaushe jaketi juu ya jiko la mpishi. Kila msimu kuna mmoja anayerudi na tundu la ukubwa wa sufuria.

Majaketi mapya ya siku hizi yanataka kufuliwa mara nyingi kuliko ya zamani, na hili wengi hawaambiwi. Dawa za zamani za kukimbiza maji zilikuwa na kemikali za florini ambazo zinakaa kwenye mazingira bila kuoza, na viwanda vinaziacha. Gore wenyewe walianza kutoa utando usio na kemikali hizo mwaka 2022. Ni jambo la maana, maji ya mlima huu tunayanywa. Lakini dawa mpya hazistahimili mafuta kama zile za kale. Mafuta ya jua kwenye kola, jasho la paji la uso kwenye kofia, vinaziua haraka. Kwa hiyo ile imani kwamba jaketi la mvua ukilifua unaliharibu, iliyokuwa na chembe ya ukweli kwa sababu ya namna tulivyokuwa tunafua, sasa inaharibu majaketi kwa kuyaacha machafu.

Namba za kwenye lebo, kwa kifupi. Ukiona milimita 10,000 au 20,000, hiyo ni kimo cha nguzo ya maji ambayo kitambaa kilihimili maabara kabla matone matatu hayajatokea upande wa pili. Kwa mvua yetu elfu kumi inatosha. Kwa mikanda ya begi inayokandamiza mabega kutwa, ishirini inapumzisha roho. Namba ya gramu, ya kupumua, yaani mvuke unaopita kwenye kitambaa, siitilii maanani sana, kwa kuwa viwanda vinapima kwa njia tofauti na gramu za huyu si gramu za yule. Na zote ni za kitambaa kikiwa kipya. Hakuna lebo iliyopimwa baada ya miaka sita ya kukaa kwenye belo.

Kofia nayo nina masharti. Iwe na ukingo mgumu mbele unaokaa juu ya nyusi, na kamba ya kukaza nyuma ya kichwa. Vaa, kaza, kisha geuza shingo kushoto. Kofia ikigeuka pamoja nawe, vizuri. Ukijikuta unatazama kitambaa, siku moja hutaona jiwe. Kwa mwenye nywele za kusuka au kilemba, jaribu ukiwa nacho. Kofia nyingi hazikuwaza vichwa vyetu.

Huku msituni, kwa mtu asiyebeba mzigo, mwavuli ni kifaa cha heshima kuliko watu wanavyokubali. Unapitisha hewa kuliko Gore-Tex yoyote. Vijana wa kiongozi wanaucheka mpaka mvua inapokolea. Ukitoka msituni ukaingia kwenye upepo, ukunje. Poncho nalo linafunika mtu na begi lake, ila kwenye miamba ya Barranco, pale mahali pa kutumia mikono, linakuziba usione unapoweka mguu, na hapo mimi nawavua watu kabla hawajaanza kupanda. Suruali ya mvua isisahaulike: maji yote yanayokimbia kwenye jaketi yanaishia mapajani. Iwe na zipu ndefu pembeni, uivae bila kuvua buti.

Na chini ya yote hayo, usivae jinzi wala fulana ya pamba. Wapagazi wapya wanakuja hivyo, na ni wao tunaowaangalia jioni ya kwanza: anayetetemeka kisha akaacha kutetemeka bila kupata joto, anayeongea kwa kuvuta maneno, anayekosea kufunga kamba za kiatu. Huyo anavuliwa nguo zilizolowa na kuvikwa kavu mara moja, chai baadaye. Mpagazi asiye na uwezo wa kununua anaweza kuazima mavazi bure kwenye KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi, hapa mjini. Nawaambia vijana wapitie huko kabla ya Memorial.

Kimebaki kiraka. Jaketi likichanika, mtu wa kwanza tunayemfikiria ni fundi cherehani, na fundi mzuri atakushonea kiraka kizuri ambacho kitavuja kwenye kila tundu la sindano. Chaniko dogo linataka gundi na kiraka cha kubandika, kilichokatwa pembe za mviringo ili kisibanduke, kwenye kitambaa kilichosafishwa kwa spiriti. Kwa fundi napeleka zipu peke yake. Kama jaketi lina ulimi wa kitambaa unaofunika zipu ya mbele, zipu ya kawaida ya Moshi inafaa kabisa, ulimi utazuia maji. Kama lilikuwa na ile zipu ya mpira isiyo na ulimi, nikipata ya kawaida tu nalibadilishia, halafu nachukua kalamu isiyofutika na kuandika kwenye lebo ya ndani: LA UPEPO. Linakwenda kwenye mstari wa bei ndogo, pamoja na yale yasiyo na utepe.